Kikombe Changu Katika Foleni ya Kiev

Kutoka Mtaa wa Swahili hadi Kipawa

Saa nane na dakika tatu mchana, siku ya Jumapili, askari alinyoosha mkono mbele ya gari letu katika Barabara ya Pugu, na safari yangu ikasimama kabla haijatoka mjini.

Amri mnaijua. Jumapili, saa nane ikishapita, gari la mtu binafsi halitembei, ili nchi iokoe petroli. Ndege yangu ilikuwa ya jioni. Tulipanga kuondoka Kariakoo saa sita, lakini mwenye pikapu ni Elinami, jirani yangu wa duka la vyombo, na siku hiyo kanisani kwao walikuwa wakichangia paa. Mchango ulirefuka. Alipofika kwangu bado amevaa tai, mke wangu Mwanaidi alikuwa ameshapanga mizigo kibarazani mara mbili na kuipangua.

Elinami alishusha kioo. "Afande, saa yangu inasema nane kasoro mbili."

Askari akamshika mkono, akaitazama saa kwa makini. "Ndugu yangu, hii haitembei."

"Inatembea, ila polepole."

"Basi na gari lipumzike pamoja nayo. Weka pembeni."

"Afande, huyu mzee anakwenda Urusi kusoma. Ndege haimngoji."

"Kusoma nini, na mvi hizo?"

"Siasa," nilijibu mwenyewe. "Siasa na uhusiano wa kimataifa."

Askari alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Kwani hapa siasa imekwisha?"

Elinami alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyopasa, maana na yeye aliniuliza swali hilohilo mwaka mzima.

Jibu langu mnalijua, lakini nitaliweka hapa kwa ajili ya watakaosoma bila kunijua. Nimepima magunia ya kahawa katika bohari pale Kariakoo tangu nikiwa kijana. Najua kwa kuinua tu kama gunia limelowa. Lakini bei ya kahawa ile hupangwa mbali, na watu ambao hawajawahi kuligusa gunia, na kila nilipouliza kwa nini, niliambiwa ni mambo ya kimataifa. Nikaanza kuyasoma hayo mambo ya kimataifa katika magazeti, mengi yakiwa yameshafungiwa sukari au dagaa. Mara nyingi habari ilikatika katikati, na nusu ya pili ilikuwa imekwenda na mteja mwingine. Baada ya miaka ya kusoma nusu nusu, nilitaka kusoma nzima.

Nafasi niliyopata ilikuwa ya kozi ya miezi kumi kwa watu wazima, kwa Kiingereza, katika chuo kikuu kimoja mjini Kiev. Tatizo lilikuwa moja. Ufadhili ulikuwa wa uhakika, lakini somo halikuwa la uhakika. Kila mgeni angepangiwa somo na kamisheni, yaani jopo la wasaili, hukohuko, Jumatano asubuhi, na viti vya siasa vilikuwa vichache. Atakayekosa angepelekwa masomo ya ushirika na maghala. Ofisini walinipongeza kwa hilo: "Maghala si ndiyo kazi yako?" Ndiyo kazi yangu. Ndiyo maana sikutaka kuvuka bahari kwenda kufundishwa kupima gunia.

Askari hakuwa mtu mbaya. Alisimamisha lori la msiba lililokuwa na kibali, likielekea makaburini Pugu, akasema na dereva, akanipandisha mimi na sanduku langu. Elinami alibaki pembeni ya barabara na pikapu yake iliyokamatwa, akinipungia tai.

Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka katikati ya akina mama. Mmoja aliniambia, "Pole, kaka." Nikashukuru. Walipoanza dua niliitikia. Walipolia, nami nilikuwa nimetoka kuagana na Mwanaidi, kwa hiyo machozi hayakunipa taabu. Tulipokaribia Kipawa nikagonga bati la dereva.

"Unashuka hapa?" aliuliza yule mama. "Makaburini bado."

"Nakwenda uwanja wa ndege, dada."

"Kwani wewe ni nani wa marehemu?"

"Si mtu wake. Nimesaidiwa usafiri tu."

Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, "Tumemlilia pamoja tokea Buguruni, kumbe mwenzetu ana ndege!" Lori zima likacheka, hata wafiwa. Walinishushia sanduku kwa uangalifu na kuniambia nifike salama.

Aden, ambako hatukupanga kulala

Ndani ya ndege niliketi na mkunga wa hospitali moja ya Dar es Salaam, mwenyeji wa Bukoba, jina lake Teopista. Alikuwa wa umri wangu, anakwenda kozi ya afya ya mama na mtoto katika mji uleule. Somo lake lilishapangwa, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kushughulikia langu.

"Bwana Salehe, mbona unatetemeka? Ndege inaruka yenyewe."

"Sitetemeki. Napitia majibu."

"Majibu ya maswali gani?"

"Watakayoniuliza."

"Wameshakuuliza?"

Nilikuwa nimekariri maelezo ya mizani ya nguvu kati ya mataifa, kwa Kiingereza, pamoja na mahali pa kupumua.

Tulishuka Aden kujaza mafuta. Baada ya muda fundi alikuja na uso wa mtu anayekwenda kutoa habari za msiba, na tukaambiwa injini moja ingesubiri kipuri. Hadi lini, hakuna aliyesema. Joto lilikuwa kama la Dar, ila halina majani. Nilianza kuhesabu: ikiwa Jumapili ndiyo hii, na baada ya Moscow kuna treni, basi Jumatano ilikuwa inanikaribia kuliko nilivyokuwa nikiikaribia mimi.

Palikuwa na mzee akiuza chai kwenye banda nje ya ukumbi. Nikamwonyesha kwa vidole: viwili. Akamimina, kisha akasema kwa Kiswahili safi, "Ya tangawizi au kavu?"

Nusura nimwage. Aliitwa Awadhi. Aliwahi kuwa na hoteli ya chai Mtaa wa Msimbazi kabla hajarudi kwao.

"Matope ya Msimbazi yapo?" aliuliza.

"Masika yakija, yapo."

"Alhamdulillahi. Basi hamjaharibu kitu."

Alitupa mikate mikubwa ya bapa, moto, na maharage yaliyopondwa na bizari na mafuta. Teopista alikula bila kuzungumza, jambo ambalo sikuliona tena katika safari nzima. Mzee Awadhi alitaka habari: nani amekufa, nani ameoa tena, soko jipya lina paa la namna gani. Nilipomweleza hofu yangu ya Jumatano, hakunipa moyo kwa maneno. Alikwenda kumtafuta fundi wa ndege, ambaye kumbe ni mteja wake, akarudi.

"Kipuri kipo. Anayetakiwa kukileta ndiye hayupo. Atakuja asubuhi. Lala."

Tulilala juu ya mabenchi. Asubuhi kipuri kilikuja, kama alivyosema.

Moscow, na uji usio na sukari

Moscow niliiona kupitia vioo vya basi vilivyojaa ukungu, kwa hiyo nitasema machache ili nisiseme uongo. Ilikuwa mwezi wa kumi, na baridi yake haikuwa ya hewa tu; ilitoka hata kwenye sakafu. Tulipewa makoti. Langu lilikuwa la mtu mrefu na mnene aliyejaliwa mabega. Teopista alinizunguka mara moja na kusema kwamba sasa nafanana na kabati.

Katika bwalo la wasafiri tuliletewa uji mzito wa nafaka nyeusi, na juu yake kipande cha siagi. Nilitafuta sukari. Nikamwomba mpishi kwa ishara: nikachota hewa kwa kijiko, nikanyunyiza. Aliitikia kwa furaha, akaniletea chumvi. Nikaomba tena, nikionyesha utamu kwa uso. Akaniletea kachumbari ya matango makali. Nikaona ameshahangaika vya kutosha, nikala vyote. Kuhusu nyama nilichora nguruwe kwenye karatasi ya meza na kumpiga mstari. Alielewa mara moja, akacheka, na nadhani aliwaita wenzake waje kuutazama mchoro.

Jumanne jioni tukapanda treni ya Kiev.

Ndani ya treni

Behewa lilikuwa na vitanda, na mhudumu alileta chai kwenye bilauri zilizovishwa vishikio vya chuma. Mbele yetu alikaa mama mmoja mnene aliyevaa kitambaa kichwani kama mama zetu, akamenya mayai ya kuchemsha na kutugawia kabla hajatusalimu. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilimpa korosho za Mwanaidi. Alizionja, akafumba macho, kisha akazifunga zilizobaki kwenye leso na kuonyesha kwa mkono kimo cha watoto wawili. Nikamwongezea.

Teopista aliniuliza, "Na wakikupa maghala, utafanyaje?"

"Nitasoma maghala."

"Halafu?"

"Halafu nitarudi Kariakoo, na kila mtu atasema, si tulikwambia."

Alinitazama, safari hii bila utani. "Basi kesho usikariri. Zungumza."

Nilimwambia kwamba hajui mitihani. Alinijibu kwamba yeye hutahini watu kila siku, na wengine hawajafumbua macho.

Ukumbi wa kamisheni

Jumatano tulishuka na kwenda chuoni moja kwa moja na masanduku yetu. Ofisi ya Teopista ilikuwa jengo hilohilo. Kamisheni yangu ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya mlango mrefu wa mbao, nayo ingefunga kazi wakati wa chakula cha mchana. Huingia mtu mmoja mmoja, na kila anayeingia huchukua kiti kimojawapo katika vilivyobaki.

Sasa nitaeleza kosa langu kama lilivyokuwa.

Nilipofika ukumbini niliona watu kama kumi hivi, wageni kama mimi, wametawanyika. Mmoja anavuta sigara dirishani, wawili wamekaa kwenye ngazi, wengine wanasoma. Foleni sikuiona. Hapakuwa na mstari, hapakuwa na kitu sakafuni. Mtu wa Dar es Salaam angeona nini? Angeona watu ambao bado hawajapanga foleni. Kwetu, mbele ya duka la ushirika siku ya sukari, foleni huanza alfajiri na hakuna anayesimama. Mtu huweka jiwe, au kopo, au ndala moja, akaenda zake kazini. Mlango ukikaribia kufunguliwa anarudi, anasimama penye jiwe lake, na hakuna wa kumuuliza. Nimewahi kuacha tofali kuanzia asubuhi hadi adhuhuri na kulikuta mahali pake, mbele ya kikapu cha mwalimu na nyuma ya sufuria la mama ntilie.

Kwa hiyo nilifungua sanduku, nikatoa kikombe changu cha bati, nikakiweka sakafuni mbele ya mlango. Nikawatazama wenzangu kwa huruma kidogo, nikashuka kwenda kunywa chai na Teopista. Nilijiona wa kwanza.

Niliporudi kikombe hakikuwapo. Mama mfagiaji alikuwa amepita, sakafu ilikuwa inang'aa, na ukumbi ulikuwa na watu wengi zaidi. Mlango ulifunguka, akatoka mmoja na akaingia mwingine, bila mabishano, kana kwamba wameitwa na mtu nisiyemsikia. Nikajongea mlangoni.

"Wewe unafuata nani?" aliniuliza kijana mmoja wa Syria mwenye masharubu, kwa Kiingereza.

"Sifuati mtu. Mimi wa kwanza. Niliweka kikombe."

"Uliweka nini?"

"Kikombe. Hapa."

Alinitazama, kisha akawageukia wengine. "Jamani, kikombe kinataka kusoma siasa!"

Walicheka. Nilihisi joto la Aden likirudi ndani ya koti. Bwana mmoja wa Mali, mpole, ndiye aliyenieleza utaratibu wa pale. Ukifika unauliza, nani wa mwisho? Aliye wa mwisho anainua mkono. Tangu hapo wewe ndiye wa mwisho, hadi aje mwingine akuulize. Baada ya hapo kaa popote, vuta sigara, lala. Nafasi yako iko katika kumbukumbu ya mtu mmoja aliye mbele yako na mmoja aliye nyuma yako.

"Na sasa wa mwisho ni nani?" nikauliza.

"Mimi," alisema, akainua mkono kwa masikitiko.

Mbele yake walikuwa zaidi ya kumi. Harufu ya chakula cha mchana ilikuwa imeshaanza kupanda kutoka chini.

Wakati huo Teopista alipanda ngazi, akaniona nilivyosimama, akapata habari yote kwa maneno machache. Akaweka mkoba wake chini, akazungumza na ukumbi mzima kwa sauti ya wodini.

"Sikilizeni. Huyu ndugu hakuja kuwapita. Kwao kikombe ni mtu. Amekosea mila, hakukosea adabu. Sasa nani alimwona alipokuja?"

Nilikwisha kata tamaa. Kisha yule Msyria akazima sigara.

"Mimi nilimwona," alisema. "Alikuja baada yangu kidogo. Nilimwona akiweka kikombe, nikafikiri ni dawa ya kienyeji."

"Kwa hiyo yuko nyuma yako?" aliuliza Teopista.

"Hakuniuliza nani wa mwisho."

"Lakini ulimwona."

Ukumbi uligawanyika. Mmoja alisema asiyeuliza hayupo. Mwingine, mwanamke wa Vietnam, alisema kuonekana kunatosha, maana kuuliza ni njia tu ya kuonekana. Bwana wa Mali alisema yeye hana pingamizi, ilhali mtu wa mwisho ndiye anayedhurika kuliko wote. Hilo lilivunja ubishi. Msyria alipiga mluzi, akaonyesha sakafu nyuma yake. "Njoo, Kikombe. Simama hapa."

Aliingia, akatoka amepata kiti. Nikaingia mimi.

Walikuwa watatu mezani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sauti yake chovu. Aliangalia umri wangu, akaangalia kazi yangu.

"Ghala," alisema. "Tuna kozi nzuri sana ya maghala."

Nilivuta pumzi nianze mizani ya nguvu kati ya mataifa. Akanikatiza.

"Kwanza niambie, kelele ile ya nje ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza. Sikuwa nimekariri hilo, kwa hiyo Kiingereza changu kilitoka kikiwa kimevaa ndala. Nilieleza jiwe, kopo, duka, kikombe. Mmoja wa wale wawili alitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu, aliweka kalamu chini.

"Nani analinda jiwe? Polisi?"

"Hapana."

"Chama?"

"Hapana, mama. Kila mtu ana jiwe lake palepale. Akilipiga teke la mwenzake, lake litapigwa."

"Hiyo ni sababu nzuri. Na sukari ikiwa haitoshi?"

Nilijua anakonielekeza. Ningeweza kupamba. Lakini nimeshaziona siku hizo.

"Ikisikika kwamba haitoshi, mawe yanapigwa mateke. Watu wanasukumana hadi mlango unavunjika. Wazee wanaumia."

"Kwa hiyo makubaliano yenu hufa siku ile mnayoyahitaji zaidi."

"Ndiyo."

"Na wiki inayofuata?"

"Wiki inayofuata mawe yanarudi. Walewale waliosukumana wanayaweka."

"Kwa nini?"

Nilifikiri. Nilitafuta katika vile vipande vyote vya magazeti, na hakikuwapo.

"Sijui," nilisema. "Ndilo nililokuja kusoma."

Walizungumza kwa Kirusi kwa muda. Mwenyekiti akaandika, akagonga muhuri, akanisogezea karatasi. Akaniambia kwamba ningekuwa katika majaribio kwa muhula mmoja, kwa sababu Kiingereza changu ni cha gazeti, na kwamba kusema "sijui" kunanifaa mara hii moja tu. Somo lililoandikwa lilikuwa siasa na uhusiano wa kimataifa.

Nje, mama mfagiaji alikuwa ananingoja na kikombe. Alikuwa amekiosha.

Posta

Teopista alinipeleka posta kabla hata hatujala. Simu ya maandishi, yaani telegramu, hadi Dar es Salaam hutozwa kwa neno. Nilikaa nikaandika taarifa kamili: kwamba nimefika, ndege ilichelewa, baridi ni kali, kamisheni imenikubali, Elinami akomboe pikapu, Mwanaidi asiwe na wasiwasi. Karani akahesabu maneno kwa ncha ya kalamu na kunionyesha bei.

Nikafuta baridi. Nikafuta ndege. Nikamfuta Elinami, anisamehe. Teopista alisimama nyuma ya bega langu akisema, "Wanataka kujua jambo moja tu, wewe."

Ndiyo maana mlipata neno moja. Mwanaidi ameniambia kwamba liliposomwa kibarazani mlibishana kama limekatika njiani, na kwamba yeye alilichukua, akalikunja, akasema, "Halijakatika. Limetimia," akaingia ndani kupika. Neno lenyewe lilikuwa SIASA, na kwa kuyaacha mengine niliokoa rubli sita na kopeki arobaini.